Ofisi ya Siri na Jani la Isale

Vijana wangu mliobaki pale chuoni, mmeniomba niwaandikie uzoefu wangu. Neno kubwa hilo. Mtu aliyekaa chumba kimoja miaka yote akinywa chai na kusikiliza watu wakilaumiana, sijui kama ana uzoefu au ana kibofu kigumu tu. Lakini nimestaafu, na mke wangu amechoka kuniona nikizunguka migombani nikiikosoa migomba namna ilivyoota. Ameniambia nikae chini nifanye kitu cha maana. Basi nimekaa.

Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo sikupata vya kutosha kujaza aya, na mshahara mnaujua, maana ndio mnaoupokea sasa.

Nilianza pale kama mhudumu wa ofisi. Cheti changu ni cha kidato cha nne, na divisheni yake tuiache ilale. Nilibeba mafaili, nikachemsha chai, nikafungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni. Aliyenitoa huko ni Mama Ndeshi, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mlezi wa bweni la wasichana, mwanamke mfupi mwenye mnong'ono uliosikika mpaka getini. Chuo kilipoamua kufungua ofisi ya usuluhishi, yaani mahali ambapo mwanafunzi au mfanyakazi mwenye ugomvi anakuja kuzungumza bila jambo lake kufika kwa wakubwa, yeye ndiye aliyekabidhiwa. Akaomba msaidizi. Wakampelekea watu wenye shahada zao. Akanichagua mimi.

Kichwa kilinivimba. Nikamuuliza ameona nini kwangu.

"Kazi ikiisha unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani."

"Jumamosi je?"

"Nyumbani."

"Na sikukuu?"

"Nyumbani, Mama. Labda nianzie kanisani."

"Ndiyo maana. Hao wengine wanapitia kilabuni kwenye mbege. Siri ikifika kwenye mbege inaota miguu. Ya kwako itafika nyumbani, itakula, italala."

Wengine huajiriwa kwa akili. Mimi nilipata kazi kwa uvivu wa kutembea. Na hakukosea: mimi nikifika Bomang'ombe tayari najiona niko ughaibuni, nawaza nani atanifikishia mwili nyumbani. Walipotupeleka semina Arusha, wenzangu walilala hotelini. Mimi kila jioni nilipanda basi nikarudi kulala kwangu, alfajiri nikaondoka tena. Mwezeshaji alifundisha kusikiliza kwa utulivu, nami nilimsikiliza kwa utulivu mkubwa kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nasinzia.

Siku ya kwanza ya ofisi tulikaa asubuhi mpaka jioni, mimi na Mama Ndeshi, hakuna aliyegonga. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Tatizo lilikuwa mlango. Chuo, kwa mapenzi mema kabisa, kilitupa chumba kizuri katikati ya jengo la utawala, na juu yake wakapigilia kibao cha herufi nene: OFISI YA USULUHISHI WA MIGOGORO, SIRI YAKO NI SALAMA. Sasa niambieni, nani ataingia chini ya kibao kile mchana kweupe, huku watu wa uhasibu wamejipanga madirishani? Kabla hujakaa kitini, bwalo zima linajua una ugomvi, na limeshakisia na nani.

Mama Ndeshi akaomba tuhamishwe. Tukapewa kile chumba cha nyuma mnachokijua, kinachopakana na chumba cha fotokopi. Kibao tulikiacha kule kule, kiwazuge watu wa madirishani na kuwalinda watakaotufuata. Tangu hapo wateja wakaanza kuja na karatasi mkononi kana kwamba wanakwenda kutoa kopi. Kuna mwalimu mmoja alikuja na karatasi ile ile muhula mzima, mpaka kona zake zikalainika kama kitambaa cha kufutia miwani.

Vitendea kazi vyetu vilikuwa vichache, na ninavitaja kwa sababu nimesikia mmeomba kununuliwa kompyuta. Viti vitatu, na kamwe msiviweke vikatazamana. Watu wawili waliogombana ukiwakalisha uso kwa uso umewaandalia ulingo. Viwekeni kwa pembe, kila mtu aone dirisha, ili akishikwa na aibu awe na mahali pa kupeleka macho. Chai iwe ya moto, na itangulie maneno. Mama Ndeshi alisema mtu aliyeshika kikombe cha moto hawezi kurusha mikono. Redio ndogo dirishani kwa nje, iimbe kwaya, ili anayepita asipate la kupeleka. Leso. Basi.

Kanuni pia ni chache. Hakuna anayeletwa kwa nguvu. Linalosemwa humo linabaki humo, isipokuwa mtu akionyesha atamdhuru mwenzake au atajidhuru mwenyewe, hapo siri inakwisha na unakimbia kutafuta msaada. Na hatuhukumu. Hii ya mwisho ilinitesa, kwa sababu mimi kwa asili napenda sana kuhukumu, ndiyo burudani yangu nikiwa barazani.

Kanuni iliyonigombanisha na dunia ni ya salamu. Semina ilifundisha kwamba ukikutana na mteja njiani usimsalimie wewe kwanza, usije ukamfichua kwamba mnajuana. Mwezeshaji alitoka mbali, hakujua huku kwetu kupita bila salamu ni kutangaza vita. Wanafunzi nao walisita kunipa shikamoo, wakihofia wenzao watauliza, "Umemjulia wapi yule?" Basi nikawa napita uani nimenyamaza, nao wamenyamaza, kila mtu anatazama mlima kana kwamba leo ndiyo umeota. Mwezi haukuisha, habari zikafika kwa mke wangu sokoni kwamba Baba Manka siku hizi ana maringo. Tukaifuta kanuni hiyo kimyakimya. Nikaanza kumsalimia kila kiumbe pale chuoni, mpaka mbwa wa mlinzi, na hapo ndipo siri ikawa salama kweli.

Mke wangu naye alikuwa mtihani. Chuo kiko karibu na kwangu, kwa hiyo mchana nilikula nyumbani. Ananiwekea sahani, anakaa, anauliza kwa upole:

"Leo nani kalia?"

"Nipe pilipili."

"Ni wale mabinti wa bweni la juu?"

"Na chumvi."

"Jamani, nimeolewa na sanduku la posta," anasema. "Tena lile la zamani, funguo imepotea."

Miaka ya kwanza ilikuwa ya ugomvi mdogomdogo, na msidharau ugomvi mdogo. Wasichana wawili walikaa chumba kimoja bila kusemeshana kwa sababu ya ndoo. Mmoja aliitumia ndoo ya mwenzake kulowekea soksi za mpira. Tulizungumza mchana mzima juu ya ndoo ile, mpaka ikafahamika kwamba mwenye ndoo alipewa na mama yake siku ya kuondoka nyumbani, na mama huyo ameshafariki. Mama Ndeshi alimmiminia chai. Jioni walitoka wote wawili wakisaidiana kuibeba ile ndoo, ingawa haikuwa na maji. Tangu siku hiyo, nikiambiwa mtu anagombania kijiko, nauliza kwanza kijiko kimetoka kwa nani.

Mama Ndeshi alipostaafu nikabaki peke yangu. Na ndipo likaja lile jambo ambalo mnanisimanga nalo mpaka leo. Wenyewe walilimaliza hadharani, na wameniruhusu niliandike, mmoja kwa sharti kwamba nimwandike ana nywele zaidi ya alizo nazo. Basi Dokta Elinami alikuwa na nywele nyingi sana.

Dokta Elinami alifundisha kilimo. Kwao ni Kirua Vunjo, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, la kahawa na ndizi, na alitukumbusha hivyo kila mwezi. Ofisi yake aliitumia pamoja na Mwalimu Zuhura, aliyefundisha mambo ya maji. Mwalimu Zuhura ni wa Moshi mjini, babu yake alikuja na kazi ya reli, bibi alitoka pwani. Mwanamke mkimya, lakini jibu lake huwa limeshanolewa. Wote wawili walimsimamia mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho, Rehema, aliyeandika utafiti juu ya maji: namna yanavyogawanywa juu mlimani kwa mfongo, ule mfereji wa kuchimba wa wazee, na yanavyogawanywa chini Chekereni kwenye mpunga, ambako mama yake ana jaruba.

Siku moja, ukumbini, mbele ya wanafunzi, Mwalimu Zuhura alikuwa anaeleza zamu za mfongo. Dokta Elinami akapaza sauti kutoka nyuma: "Mtoto wa lami atajua wapi mfongo? Yeye maji ameyaona yakitoka bombani!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu Zuhura akakunja karatasi zake, akamaliza somo, akatoka. Tangu siku hiyo hakumsemesha Dokta tena.

Wangeacha kusemeshana tu, chuo kingeendelea, wangapi hawasemeshani. Lakini Rehema alihitaji saini zao wote wawili. Akipeleka kazi kwa Dokta, Dokta anasema, "Sura ya tatu, hiyo ya zamu, iondoe." Akiipeleka kwa Mwalimu Zuhura bila sura ya tatu, anaulizwa, "Sura ya tatu iko wapi?" Wote wamo chumba kimoja, kabati limesimama katikati, na binti anatumwa kulizunguka. "Mwambie mwenzangu hivi." "Mwambie huyo naye vile." Ikakaribia siku ya kuitetea kazi yake mbele ya kamati. Siku hiyo bila saini mbili, anarudia mwaka. Na nyumbani mdogo wake alikuwa anasubiri yeye atoke ndipo aingie, maana mama hakuweza kusomesha wawili kwa mpigo.

Alinijia bila hata karatasi ya kujifichia.

"Shikamoo mzee. Mimi sina ugomvi na mtu. Ninao ugomvi wa watu."

Niliwaomba walimu, mmoja mmoja. Wote wakakubali kuja, kila mtu kwa siku yake, kila mtu na karatasi ya kutoa kopi. Dokta Elinami alizunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Alieleza historia ya kilimo cha kahawa. Alieleza matatizo ya bei. Chai ya tatu ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Siku ile nilipitiliza."

"Basi mwambie hivyo."

"Mimi? Mtu mzima, nikasimame mbele yake niseme samahani kama nimevunja glasi? Hapana, Baba Manka. Nitafanya kama kwetu. Nitaleta isale."

Kwa mliotoka mbali: isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani. Huku kwetu ukimkosea mtu kosa zito, unampa mtu wa katikati jani hilo akupelekee. Aliyepelekewa hakatai. Hata kama mlifikia kushikiana panga, isale likifika, panga linarudi kwenye kona yake.

"Utalipeleka wewe," akaniambia. "Na iwe siri. Ofisi yako si ya siri?"

Nikasema ni ya siri. Moyoni nilifurahi. Niliona kazi imekwisha, imebaki matembezi mafupi tu.

Mimi nilitegemea jani. Asubuhi yake Dokta akaniletea kutoka Kirua Vunjo kichwa kizima cha isale, majani yamechanua kama mkia wa jogoo. Halikuingia kwenye mfuko wala kwenye droo. Nililivingirisha gazeti, ncha zikabaki nje zinapunga mkono. Na kutoka fotokopi kwenda ofisi za walimu hakuna njia ya nyuma. Unapita jikoni, unapita uhasibu, unapita kwenye vimbweta walipokaa wanafunzi wote wasio na kipindi.

Mama Aisia, mpishi mkuu, alikuwa mlangoni anamenya ndizi.

"Baba Manka! Nani kakosa?"

"Hakuna aliyekosa, Mama Aisia."

"Eh! Basi hilo isale limeamua kutembea lenyewe?"

Nikaongeza mwendo. Mtu wa umri wangu akiongeza mwendo pale chuoni, watu wanasimama kuangalia moto uko wapi. Nilipofika uhasibu vichwa vilikuwa vimeshajaa madirishani. Nilipofika kwenye vimbweta nyuma yangu kulikuwa na watu wamekumbuka ghafla kwamba na wao wanaelekea upande huo. Ningeingia ofisi ya Mwalimu Zuhura na msafara ule, ingekuwa sawa na kupiga kengele. Nikageuza. Nikarudi njia ile ile na jani langu, mbele ya watu wale wale, nikijifanya nimesahau kitu.

Ofisini nikalitia kwenye ndoo ya maji nyuma ya mlango lisinyauke. Kabla sijakaa, mlango ukagongwa. Ni Mama Aisia, mikono bado na utomvu wa ndizi. Yeye na mhasibu, Bwana Kristofa, hawakuwa wakisalimiana tangu sherehe moja ambapo Kristofa alisema mbele ya mgeni rasmi kwamba kiburu cha Mama Aisia, zile ndizi na maharage zake, ni chakula cha mgonjwa. Mimi hilo sikulijua. Nililijua pale.

"Kama ni la Kristofa," akasema, "mwambie nimelipokea. Lakini angekuja mwenyewe."

"Mama Aisia, mimi siwezi kusema ni la nani."

"Husemi, lakini jicho lako limesema."

Jicho langu lilikuwa limeingiwa na vumbi la gazeti.

Kabla chai haijapoa akaingia Bwana Kristofa mwenyewe, na karatasi ya kutoa kopi. "Nasikia Mama Aisia amenitumia isale."

Sasa nieleweni nilivyobanwa. Nikimwambia "si lako", nitamwambia na anayefuata "si lako", na yule atakayefuata, mwishoni atabaki mmoja ambaye sikumwambia, na huyo ndiye mwenyewe. Njia ya kuficha ilikuwa moja tu: kutokubali na kutokataa. Nikanyamaza. Kristofa akaniangalia nilivyonyamaza, akatikisa kichwa taratibu. "Mwanamke mwenye utu," akasema, akatoka.

Wakaja na wengine. Mkutubi alikuja kusema hata likija lake hatalipokea, akakaa kidogo, akasema labda atalipokea. Mlinzi wa geti alitaka kujua kama isale linaweza kutumwa na mtu aliyehamia Dodoma. Wote niliwajibu kwa kimya kile kile. Ule mchana Kristofa aliwekewa bwaloni mnofu ambao mkuu wa chuo mwenyewe hakuwahi kuuona. Migogoro mingi niliyoisuluhisha kwa mpigo mmoja, sikuisuluhisha. Nilikaa tu nimefumba mdomo kama kambale.

Jioni akaja Mwalimu Zuhura. Aliliona lile jani kwenye ndoo akasimama.

"Hilo ndilo linalosemwa chuo kizima?"

"Ndilo, Mwalimu."

"La nani?"

Kwake niliweza kusema. "Lako. Kutoka kwa Dokta Elinami."

Alikaa. Sikummiminia chai, niliogopa kugusa kitu.

"Baba Manka, mimi nimezaliwa Moshi hii. Isale nalijua. Halikataliwi, sivyo?"

"Halikataliwi."

"Basi huyu haniombi. Ananiamuru kwa adabu." Akanyoosha kidole kwenye ukuta, ambako mashine ya fotokopi ilikuwa inakoroma. "Alinidhalilisha wapi?"

"Ukumbini."

"Mbele ya nani?"

"Wanafunzi wako."

"Na msamaha analetewa wapi mtoto wa lami? Huku nyuma, penye redio ya kwaya, mlango umefungwa. Kesho nikianza kucheka naye, wanafunzi watajua nini? Watajua nilichekwa, nikazoea."

Vijana, miaka yote niliamini siri ni kitu kizuri kama maji safi. Jioni ile ndipo nilipoona kwamba siri yangu ilikuwa imemfunika mkosaji, na aliyekosewa akabaki nje na mvua. 

"Kwa hiyo unalikataa?" nikauliza.

"Sijalikataa. Sijakabidhiwa. Bado liko kwenye ndoo yako." Akainuka. "Lihudumie vizuri."

Dokta Elinami nilipompelekea habari, alipandisha sauti. "Tulikubaliana siri! Kilichosemwa humu kinabaki humu!"

"Kinabaki, Dokta. Na ulichosema ukumbini nacho kimebaki ukumbini."

Aliondoka bila kuaga. Nikajua nimeharibu. Msuluhishi hatakiwi kusema maneno makali hivyo. Mama Ndeshi angeninong'oneza mpaka getini.

Zikafuata siku mbaya. Rehema alikuja kila asubuhi.

"Mzee, niambie tu kama kuna matumaini, nijue namna ya kumwambia mama."

Sikuweza kumwambia chochote. Alichosema huyu na alichosema yule, vyote vilikuwa vimelala tumboni mwangu. Nikamsogezea kikombe.

"Kila nikikuuliza unanipa chai," akasema. "Nimekunywa chai ya kutosha kumwagilia jaruba lote la mama."

Alicheka, kisha akalia, kisha akaomba sukari.

Siku ya kuitetea kazi ikafika. Mimi ukumbini huwa siendi, ni mbali na ofisi na viti vyake ni vigumu, lakini siku hiyo nilikaa nyuma kabisa. Rehema alieleza vizuri, sura ya tatu akaipitia haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Kamati ikauliza, akajibu. Mwenyekiti akasema wasimamizi wapite mbele waweke saini zao.

Mwalimu Zuhura hakuinuka. Dokta Elinami aliinuka, lakini badala ya kwenda mbele akageuka, akatoka nje kwa mlango wa pembeni.  Nilimwona Rehema ameishika ile kazi kifuani kwa mikono miwili, macho kwenye mlango.

Ndipo nikamsikia Dokta dirishani nyuma yangu, kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Psst! Baba Manka! Funguo!"

Nilitoka mbio. Tukafika ofisini, nikafungua, nikanyoosha mkono kulichukua jani, maana ndiyo kazi yangu, mimi mtu wa katikati.

"Liache," akasema. "Nitalibeba mwenyewe."

Alirudi ukumbini kwa mlango mkubwa wa mbele, isale limenyooka mkononi, maji yanachuruzika mpaka kwenye viatu vyake vya kanisani. Hakuna aliyecheka. Alisimama mbele ya Mwalimu Zuhura.

"Siku ile nilisema hapa kwamba mtoto wa lami hajui mfongo," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya darasani. "Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa anaeleza vizuri kuliko mimi. Nilikosea. Na nilikosea hapa, si kwingine."

Mwalimu Zuhura alimwacha asimame. Si sana, lakini kwa aliyesimama ilitosha.

"Dokta, linanidondoshea maji."

"Lilikuwa kwenye ndoo."

"Ya nani?"

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Ofisi ya siri ikafia pale.

"Lete," akasema, akalipokea kwa mikono miwili.

Wanafunzi wakapiga vigelegele. Mlangoni Mama Aisia alikuwa amesimama na birika la chai ya kamati, mdomo wazi. "Baba Manka! Kumbe lilikuwa la hawa?"

Kando yake Bwana Kristofa, sahani ya sambusa mkononi, akauliza taratibu, "Sasa mimi alinitumia nani?"

"Wewe kula," akamwambia Mama Aisia.

Mbele, Rehema alikuwa ameshaifungua kazi yake kwenye ukurasa wa saini na kuitoa kalamu. Dokta Elinami akaichukua kalamu, akainama, akasita.

"Ila sura ya tatu, nilisema itoke."

"Ikitoka," akasema Mwalimu Zuhura, isale chini ya kwapa, "zamu za maji utazieleza wapi, Dokta? Kwenye shukrani?"

"Zamu zinatosha sura ya pili!"

"Sura ya pili ni ya Chekereni. Au na Chekereni siku hizi iko Kirua Vunjo?"

Rehema aliniangalia, macho yananiomba niingilie kati. Nikamtikisia kichwa asiguse kitu. Walikuwa wanasemeshana, bila kabati, bila binti wa kutumwa. Dokta akaweka saini huku anabisha, hakutazama hata karatasi. Mwalimu Zuhura akaivuta kutoka chini ya mkono wake, akaweka ya kwake huku anajibu. Rehema akaichomoa taratibu, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni kama mtu anayetoka zizini bila kuwashtua ng'ombe, na alipofika nje tukamsikia akikimbia. Wale wawili hawakumwona akiondoka. Walikuwa wamefika kwenye mfongo wenyewe, nani aliuchimba, na unaanzia wapi.